Tulivyotengeneza roboti ya kuzamia ziwani Kivu

Wiki hii sina habari ya barabara wala ya bei ya makala. Wengi wenu mliokuwa Bulengo na Lac Vert mwaka 2024 mmekuwa mkiniuliza kuhusu kile kitu cha tiyo nyeupe tulichokuwa tukikizamisha ziwani, kile ambacho watoto walikiita Sambaza. Kuna waliosema ni bomu, na waliosema tunatafuta dhahabu waliyoacha wazungu. Leo nawaeleza yote, hata yale ya aibu.

Mimi nimekulia Goma, na kama mtoto yeyote wa Goma nimebeba bidoni la njano kutoka ziwani tangu kichwa changu hakijawa kigumu. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, mto hauna, na kuchimba kisima hapa ni kazi ya kupasua mwamba. Kwa hiyo ni maji ya mvua au maji ya ziwa. Baba alituonya tusikanyage ng'ambo ya jiwe fulani jeusi, kwa sababu baada ya hapo chini kunakatika ghafla. Mwezi wa kwanza mwaka 2002 Nyiragongo ilipasuka na moto ukapita katikati ya mji mpaka ukaingia ziwani. Sisi watoto tulisimama mbali tukitazama mvuke ukipanda. Tangu siku ile nimekuwa na swali moja la kitoto: lile jiwe la moto lilipofika chini ya maji, lilikaaje?

Swali hilo sikuwa na njia ya kulijibu. Kuogelea najua kidogo, kuzamia sijui, na ziwa letu si la kuchezea. Lina kina cha karibu mita 485 mahali pa chini kabisa, na huko chini limejaa gesi, ile inayowaka ambayo majirani zetu wa Rwanda wanaitoa kufanya umeme, na ile nyingine isiyowaka, ndugu ya mazuku tunayoijua mashimoni. Samaki wanaishi juu tu, kwenye maji yenye hewa.

Mwisho wa mwaka 2023, jioni moja yenye umeme, niliona kwenye simu vijana wa Marekani wanaendesha mashine ndogo chini ya maji, na mashine yenyewe ni tiyo za PVC. Nikatafuta zaidi. Kumbe huko ni mchezo wa watoto wa shule. Harry Bohm na Vickie Jensen waliandika kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1997, na shule nyingi zikafuata: tiyo, motere 3, waya mrefu, na swichi mkononi mwa mtu aliyekaa juu. Nikasema, tiyo ziko kwa fundi bomba, motere ziko garaji, na mimi kila siku nalehemu waya za kinasa sauti changu. Kwa nini si mimi?

Mama watoto aliniuliza kitu hicho kitaleta nini nyumbani. Nilikosa jibu. Ni mchezo, nikamwambia. Akacheka, kisha akaniambia nisiguse beseni lake jipya.

Nilianza kwa kosa la kijinga. Nilichukua simu yake ya zamani, nikaiwasha irekodi video, nikaifungia ndani ya chupa ya kioo ya mayonezi, nikaishusha ziwani kwa kamba. Kwenye mita 6 mfuniko uliachia. Baadaye nilipiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kwanza. Kila mita 10 za maji zinaongeza uzito wa karibu kilo 1 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Mfuniko wa chupa ile una karibu sentimita 50 za mraba. Kwa mita 6 ni kilo 30, zaidi ya mfuko wa unga wa kilo 25, umekaa juu ya kifuniko cha mayonezi. Simu ilitoka ziwani imekufa, na kwa wiki nzima nililetewa chai isiyo na sukari.

Nilijifunza pia kwamba Wi-Fi haifai kitu majini. Nilifikiri nitaona picha bila waya. Kwenye pipa la mvua nyumbani, sentimita chache tu chini ya maji, picha ilikatika. Maji yanameza mawimbi hayo. Lazima waya.

Basi nikatengeneza fremu ya tiyo, ukubwa wa kiti kidogo cha jikoni. Motere nilizitoa kwenye pampu ndogo zinazorusha maji kwenye kioo cha gari: 2 za kusukuma mbele na nyuma, 1 ya kupanda na kushuka. Pangaboi zake nilizikata kwenye bidoni la njano lililopasuka, kwa kisu kilichopashwa moto juu ya makala. Kwa uzito nilifunga vipande vya mawe yetu meusi, ambayo Goma hayauzwi. Kwa kuelea nilikata kambambili kuukuu.

Kwenye pipa ilikaa vizuri kabisa, haipandi wala haishuki. Ziwani ilikaa vizuri nusu saa, halafu ikaanza kuzama yenyewe polepole kama mzee anayesinzia. Niliirudisha, nikaipima tena, ikafanya vilevile. Siku tatu sikuelewa.

Aliyeelewa ni kijana mmoja wa Sake. Familia yake ilikimbia vita mwezi wa pili 2024, wakafika Bulengo na godoro moja. Alikuwa na miaka 17, akitengeneza simu za watu chini ya hema kwa bisibisi moja na kiberiti. Alikuja pwani kuteka maji, akanikuta nimekaa nimeshika kichwa. Aliokota jiwe nililofungua, akaliweka sikioni, akalitia majini, akalisikiliza tena.

«Yaya, hili jiwe linakunywa,» akasema.

Kweli. Mawe ya volkano yamejaa matundu, na matundu yana hewa. Maji yanaingia kidogo kidogo, hewa inatoka, jiwe linakuwa zito kuliko ulivyolipima. Siku iliyofuata tulikwenda garaji kuomba zile risasi ndogo wanazogonga kwenye magurudumu ili gari lisitetemeke. Risasi hainywi maji.

Tangu siku ile alikuwa anakuja kila alasiri. Nilikuwa nimezoea kujiita fundi, lakini niseme kweli, kuanzia hapo mimi nilikuwa msaidizi. Yeye ndiye aliyegundua kwamba kambambili nazo zinatudanganya: sponji yake inabanwa na maji, kwa hiyo kadiri roboti inavyoshuka ndivyo inavyopoteza kuelea. Tukaziondoa kwenye fremu, tukaweka tiyo 2 zilizozibwa pande zote, kwa sababu tiyo ngumu haibanwi. Yeye ndiye aliyeuliza kwa nini naiwekea kamera chupa yenye hewa, wakati kamera ya nyuma ya gari, ile ya kurudisha gari kinyumenyume, tayari imetengenezwa kuvumilia mvua. «Hewa ndiyo inayopondwa,» alisema. «Tusiweke hewa.» Tulinunua kamera moja na kioo chake kidogo cha kutazamia, iliyotoka kwenye gari lililogongwa, tukamimina resini mahali waya unapoingia mpaka pakawa kitu kimoja kigumu. Kabla ya resini nilikuwa nimejaribu silikoni ile inayonuka siki. Ukiimwaga nene haikauki ndani, inabaki uji, maana inahitaji hewa ili kukauka. Kaa mbali nayo.

Shida ya mwisho ilikuwa waya. Nilinunua mita 30 za kabli ya intaneti kwa sababu ina nyuzi 8 na ni nyepesi. Batri ya pikipiki ilitoa volti 12, tukapima kwenye motere: hazikufika 5. Pangaboi zilizunguka kama zinaomba ruhusa. Nyuzi ni nyembamba, na umeme unachoka njiani kwenda na kurudi. Tukaacha kabli ile ipeleke picha tu, tukatandika sambamba nayo waya mnene wa nyumba kwa ajili ya nguvu. Ni mzito, ukazama na kuvuta roboti nyuma, tukaufungia vipande vya kambambili kila mita. Hapo kambambili zikapata kazi yao. Kila mita tulifunga pia kitambaa, ili tujue tumeshuka kiasi gani.

Watoto wakaipa jina Sambaza kwa sababu ilikuwa nyeupe na inang'aa majini. Samaki sambaza naye si mwenyeji hapa: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, leo ni chakula cha nusu ya mji. Kijana wa Sake alilipenda jina hilo.

Nililiona jiwe la 2002 mwezi wa tano. Tulishuka mita 9. Kwenye kioo, ambacho si kikubwa kuliko kiganja, niliona mabonge meusi ya mviringo yamelaliana kama mifuko ya viazi iliyotupwa kutoka juu ya lori, na samaki wadogo wanaingia na kutoka katikati. Sikusema kitu. Kijana aliniuliza kama motere imekufa.

Hapo mchezo ungeishia. Lakini ninyi mnakumbuka mwaka huo ulivyokuwa. Barabara ya Minova ilikuwa imefungwa pale Sake, na kila kitu kilipita ziwani: maharage, mihogo, wagonjwa, wanafunzi. Mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, upepo ukavuma mchana pirogi moja ilipokuwa inakaribia kufika. Iligeuka si mbali na pwani. Watu wote walitolewa, wavuvi walikuwa karibu, tumshukuru Mungu. Lakini motere ya farasi 15 iling'oka ikazama, na mizigo ikazama nayo.

Mwenye pirogi, mzee ninayemheshimu, alikuwa bado anaidaiwa motere ile. Hakuwa amefika hata nusu ya deni. Alikuja kwangu jioni, akakaa, akanywa maji, akauliza habari za watoto mmoja mmoja, ndipo akasema: «Mwanangu, kile kitu chenu kinaona?»

Nikamwambia kinaona mita 3 au 4 mbele yake, siku ya maji mazuri.

Kesho yake asubuhi alikuja mama mmoja wa Bulengo, mtu wa Masisi. Alikuwa ndani ya pirogi ile. Alikuwa amekwenda Minova kuchukua mfuko alioachiwa dada yake walipokimbia mara ya kwanza: karte yake ya kura, cheti cha kuzaliwa cha mtoto mdogo, vyeti vya shule vya wale wakubwa 2. Mfuko ulikuwa wa ngozi ya bandia, rangi ya damu ya mzee. Alisema, «Motere ya mzee mtaipata kwa pesa. Mimi bila karte, kila kizuizi wananiuliza mimi ni nani, na sina la kuonyesha ila uso.» Walio kwenye kambi wanajua maneno hayo. Bila karte hata simu huwezi kuandikisha kwa jina lako.

Nilikuwa nimetengeneza kitu cha kuangalia mawe. Sasa kulikuwa na watu 2 wamekaa uani kwangu wanakitazama kama kinajua kitu.

Wavuvi wana hesabu yao ya mahali. Mzee alikumbuka kwamba pirogi ilipogeuka, paa la kanisa lilikuwa nyuma ya mwerezi mmoja, na mkono wa kushoto nguzo ya umeme ilikuwa imegusana na kona ya ukuta mweupe. Unapiga makasia mpaka alama zote 2 zikubaliane, basi uko hapo. Tulifunga pirogi kwa mawe mbele na nyuma isizunguke, kijana akashika swichi, mimi nikashika waya na kuhesabu vitambaa. Mita 17 chini kulikuwa na mteremko wa mawe na mchanga mweusi. Tulipita mstari, tukasogeza pirogi, tukapita mstari mwingine. Upepo wa kiangazi unaanza saa tano, kwa hiyo tulikuwa na asubuhi tu.

Siku ya kwanza tuliona sufuria, bidoni na kiatu kimoja.

Siku ya pili walikuja watu wa ulinzi wa ziwa. Siwalaumu kwa kuuliza. Wakati wa vita, watu 3 kwenye pirogi wanashusha kitu chenye batri na waya, hata mimi ningeuliza. Walituleta pwani. Nilionyesha kadi yangu ya uandishi wa habari, na hilo likaongeza maswali badala ya kuyapunguza. Mkubwa wao aliamuru kitu kishushwe mbele yake, pale pale gatini, akatazama kioo. Akaona miguu ya vijana wake iliyokuwa majini, kisha samaki akipita kati ya miguu. Akacheka, akaita wenzake. Karibu saa nzima hawakutupa nafasi ya kushika swichi. Lakini batri waliibakiza, wakasema ni kwa uchunguzi, na uchunguzi ulichukua siku 3 na pesa ya soda.

Siku hizo 3 yule mama alikuja kila asubuhi, hakuuliza kitu, alikaa tu pwani na bidoni lake.

Tuliporudi, ni yeye aliyesema tuangalie chini zaidi ya mteremko, kwa sababu mfuko ulikuwa mwepesi, usingezama wima kama chuma. Motere tuliiona kabla ya saa tatu, imelala ubavu, shingo imebanwa kati ya mawe 2. Sambaza haiwezi kuinua kitu cha kilo karibu 40, yenyewe haifiki 5. Kijana alikuwa amekunja nondo nyembamba kama ndoana ya nguo, akaifunga mbele ya fremu kwa uzi dhaifu, na kamba ya nailoni ikifuata. Kazi ni kusukuma ndoana iingie kwenye mkono wa motere, halafu mtu wa juu avute kamba, uzi ukatike, roboti irudi. Kwa maneno ni rahisi. Tulikosa mara 11. Kila tulipokosa vumbi liliamka, tukangoja litulie, na mimi nikitazama mawimbi yanaanza. Mara ya 12 iliingia. Watu 6 wakavuta.

Mzee alipoiona motere inatoka majini hakufurahi kwa kelele. Alifungua buji palepale, akaigeuza maji yatoke, akamimina mafuta ya injini kwenye matundu, akavuta kamba ya kuwashia taratibu mara nyingi. Maji yetu hayana chumvi, na chuma kilikuwa chini siku 6 tu. Baada ya fundi kufungua kabureta iliwaka. Inafanya kelele mpya ambayo haikuwa nayo, lakini inafanya kazi.

Mfuko tuliupata siku iliyofuata, mita 21, kitambaa cha 21 kikiwa tayari mkononi mwangu na betri inachoka. Ulikuwa umesimama kwenye mchanga kama mtu ameuweka hapo ili arudi kuuchukua. Ndoana iliingia kwenye mshipi mara ya kwanza.

Mama aliufungua mwenyewe. Karte ilikuwa ndani ya plastiki, jina linasomeka, picha imefifia upande mmoja. Cheti cha mtoto alikuwa amekifunga kwenye mfuko wa sukari na mpira, kilikuwa kimelowa pembeni tu. Vyeti vya shule vilikuwa uji. Aliukamua uji ule polepole, akautandaza juu ya jiwe la moto, akakaa kando yake mpaka jioni ingawa sote tuliona hakuna herufi iliyobaki. Kijana wa Sake alikaa naye. Yeye pia alikuwa ameacha shule darasa la mwisho, na cheti chake kilibaki Sake.

Mzee alitulipa kwa samaki na kwa lita 5 za petroli, ambazo tuliziuza tukanunua batri mpya.

Tulizama mara nyingine kadhaa baada ya hapo, kutafuta nyavu za watu, na mara moja pete ya bibi harusi ambayo hatukuipata. Walituomba pia twende ghuba la Kabuno, tukakataa, kwa sababu kule maji yenye hewa yanaishia karibu mita 10 na gesi iko juu zaidi kuliko huku kwetu. Sikutaka mtoto wa watu akae kwenye pirogi juu ya gesi kwa ajili ya mchezo wangu. Kisha ukaja mwezi wa kwanza 2025, na vita vikaingia mjini. Wiki chache baadaye kambi zikavunjwa. Nilipofika Bulengo kumtafuta, mahali pa hema lao palikuwa na mawe 4 ya kushikilia hema na kopo la risasi ya kulehemu, tupu. Jirani yao mmoja alisema walirudi upande wa Sake. Mwingine alisema walivuka ziwa.

Sambaza iko hapa nyumbani, nyuma ya pipa. Motere moja imekufa na sijaifungua, kwa sababu yeye ndiye aliyezifunga na ana namna yake ya kuzungusha nyuzi. Kioo cha kutazamia bado kinawaka. Bisibisi yake pia iko kwangu, ile yenye mpini uliofungwa mpira wa tairi. Kama uko Sake, au Kalehe, au popote walipofika watu wa Bulengo, na kando yako kuna kijana anayetengeneza simu na kulisikiliza jiwe kabla ya kulitupa, msomee habari hii. Nyumba anaijua.